Meno ya Obare

Nyamoita alichukia doa kuliko alivyomchukia mume wake wa zamani. Mume, alikuwa akisema, unaweza kumwachia nyumba ukaenda zako. Doa ukiliacha utalikuta pale pale, na limeongezeka.

Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya duka la vyuma pale Homa Bay mjini. Dirisha moja, mlango mmoja, na kati yao meza yenye skana, kompyuta na printa. Huko mbele watu walipigania misumari na mabati tangu asubuhi. Huku nyuma hapakuwa na wa kupigania kitu. Ungemkuta ameinama mbele ya kompyuta, leso mabegani, miwani imeshuka puani, ungedhani anasoma barua ya mahakama. Kumbe anafuta nukta moja nyeusi kwenye shavu la mtu aliyekufa kabla yeye hajavunja ungo.

Kazi yake ilikuwa makava. Makava ya zile santuri za zamani, sahani nyeusi zilizopigwa harusini na matangani kabla ya kaseti kuja kuzifukuza. Ken ndiye aliyemletea. Huyu Ken alikuwa mtu mzima wa tumbo na maneno, mwenye kuzunguka vijijini akinunua santuri kutoka chini ya vitanda vya watu, kisha akiuza nyimbo zake kwenye mtandao kwa watu wa mbali wanaopenda muziki wa baba zetu kuliko sisi tunavyoupenda. Wimbo bila kava haununuliki, Ken alisema. Na kava lenye kinyesi cha mende ni afadhali lisiwepo.

Ujuzi wenyewe Nyamoita aliupatia Migori, kwenye studio ya picha za pasipoti, akiwaondoa wanafunzi chunusi na kuwavisha tai wanaume waliokuja na fulana. Mumewe Machuki alikuwa fundi wa pikipiki mji huo huo. Siku Machuki alipoleta mke wa pili na kumwambia Nyamoita ahamie jiko la nyuma, Nyamoita aliona kama ni kuhama, ahame sawasawa. Kwao Kuria hakurudi. Kaka zake walikuwa wamekwisha kuoa kwa ng'ombe wa mahari yake, na ndugu aliyekwisha kula ng'ombe hafurahi kumwona dada mwenyewe getini na sanduku. Mtoto hakujaliwa. Kwa hiyo alipanda gari na skana mapajani akashuka Homa Bay, mahali ambapo hakumjua mtu na hakuna aliyemjua, na miaka ikapita hali ikiwa karibu vile vile.

Majirani walimwita nyar Kuria, binti wa Kuria. Si kwa ubaya, walimwita hivyo wakicheka na kumpa njia kwenye bomba la maji. Lakini mtu anayeitwa kwa alikotoka anakumbushwa kila asubuhi kwamba hajafika.

Kuskani kava si kulitupa kwenye kioo na kubonyeza, kama wanavyofanya wale wa saiberi na vitambulisho vya watu. Kwanza Nyamoita alipangusa kioo kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila sabuni, maana sabuni huacha utando. Kisha alililaza kava na kuliwekea karatasi nyeusi mgongoni, kwa sababu karatasi ya zamani imechoka, na maandishi ya nyuma hupenya mbele kama ugomvi wa jirani ukutani. Halafu aliskani kwa ukubwa wa kutisha, hadi kompyuta inaguna. Picha ya kiwandani si picha, ni vidoti. Ukiisogelea, mdomo wa mtu ni mchanga mtupu. Ukiiskani ndogo, vidoti vyake vinagombana na vya mashine na kuleta mawimbi usoni, kama maji yaliyotupiwa jiwe. Kwa hiyo unaichukua kubwa, unailainisha kidogo, ndipo unaipunguza, na vidoti vinakubali kuwa shavu.

Hapo ndipo kufuta kunaanza. Kwenye kompyuta yake kulikuwa na chombo chenye sura ya muhuri, kama ule wa chifu, na kazi yake ni kuazima. Unagusa mahali pasafi, unahamishia pachafu. Ukuta wenye doa unaazima kwa ukuta usio na doa. Shati linaazima kwa shati. Nyamoita alikuwa na sheria moja tu: azima kwa jirani wa karibu, usiende mbali. Na huyu ndiye mwanamke ambaye tangu ahamie mtaa ule hakuwahi kubisha kwa jirani kuomba hata chumvi.

Sasa, siku moja Ken akaleta kava la bendi iliyoitwa Kopany Nyota Jazz. Lilikuwa limeteswa. Panya ameonja pembe, kuvu imepanda kutoka chini, na mtu fulani asiye na adabu aliwahi kulifanya kisahani cha kikombe, mviringo wa chai ukapita puani mwa mwimbaji hadi kidevuni. Picha yenyewe ilikuwa ya wanaume wanne mbele ya ukuta. Watatu wamesimama kama wanasubiri kuhukumiwa. Wa nne, aliyetangulia mbele na gitaa la umeme na tai nyembamba, anacheka. Hakutabasamu kwa ajili ya kamera, hapana. Alicheka kama mtu aliyeambiwa jambo la aibu sekunde ile ile. Jina lake lilikuwa chini kwa herufi kubwa: Obare.

Nyamoita alilifanyia kazi lile kava kuliko lolote. Alijenga pembe iliyoliwa, akafuta chai, akang'oa kuvu chembe kwa chembe. Akafika mdomoni.

Ndani ya kile kicheko, upande wa chini, kulikuwa na weusi umekaa pale panapokaa meno. Nyamoita akaona ni wino ulioganda au ni kuvu iliyokomaa. Angekuwa ni mzee wa kwao, mwenye ndewe za masikio zilizovutwa hadi karibu na bega, asingegusa. Hayo alikua akiyaona. Na wazee wa Kijaluo waliong'olewa meno sita ya chini alikuwa amewaona sokoni, si kwamba hakujua. Lakini wale walikuwa na fimbo na kofia zilizochakaa. Huyu alikuwa na tai. Mtu mwenye tai, akajiambia, ana meno. Yeye mwenyewe alikuwa amewavisha tai nusu ya wanaume wa Migori, na hakukumbuka kibogoyo.

Akaazima kwa jirani. Meno ya juu ya Obare yalikuwa mazima na meupe. Akayachukua, akayapindua, akayashusha chini, akayapunguza kidogo na kuyatia kivuli. Alipomaliza, kilikuwa kicheko cha mtu wa tangazo la dawa ya meno.

Ken alipoona alishika kiuno. "Mama, huyu umemfufua."

"Lipeleke kabla halijafa tena," alisema Nyamoita, lakini alifurahi.

Kisha akafanya kile alichofanya siku zote kazi ikishakubaliwa. Akaifuta ile skani ya kwanza, ile chafu, isiwepo kabisa. Mashine ilikuwa na nafasi ndogo, hiyo ni kweli, lakini sababu haikuwa nafasi. Uchafu haufugwi, alikuwa akisema.

Na akafanya jambo ambalo hakuwahi kufanya. Akaprinti nakala yake mwenyewe, akaigonga ukutani mbele ya meza. Kwa nini huyo na si wengine, hata yeye hangeweza kukuambia. Pengine ni kwa sababu alicheka, na ilikuwa siku nyingi hajachekewa na mtu asiyetaka kupunguziwa bei. Alianza kwa kumtazama tu. Baadaye akawa anamsalimu akifungua mlango. Baadaye tena akawa anamsimanga. "Wewe kazi ni kucheka tu, na stima imepotea tangu jana." Alihamisha kiti ili akila chakula cha mchana amwelekee. Si wazimu. Mtu akikosa wa kumtilia chumvi maneno, atayatia chumvi mbele ya ukuta.

Mvua za mwaka ule zikaja, ziwa likapanda. Lilikula bustani, likala vibanda vya samaki, likaingia kwenye stoo ya Ken kule chini bila hodi. Makava yote aliyoyakusanya yakawa uji. Sahani zenyewe alizikausha moja moja juani, lakini karatasi ni karatasi. Ken alikuja kumweleza Nyamoita akiwa amevaa gambuti, na kwa mara ya kwanza hakuwa na maneno mengi.

Ikawa hivyo hadi asubuhi moja mwanamke mzee alipojitokeza mlangoni, mrefu, mwembamba, viatu vyake vya kanisani vimepanguswa vumbi palepale nje.

"Hodi hapa. Wewe ndiye nyar Kuria wa makava?"

"Ndiye mimi, mama. Pita ndani. Angalia hizo nyaya zisikunase."

"Mimi naitwa Susana, natoka Rodi Kopany. Nimeambiwa mume wangu yuko kwako."

Nyamoita alivua miwani. "Mume wako? Mama, mwanamume wa mwisho kuingia humu alikuwa wa kusoma mita."

Mzee hakucheka, ila pembe ya mdomo ilisogea. Akaketi, akaeleza. Mumewe alikuwa Obare, mpiga gitaa wa Kopany Nyota. Alikuwa amekufa zamani. Picha zake zote ziliteketea siku koroboi ilipoangukia pazia, nyumba ikaisha. Ken alikuwa amemwambia kava limeharibiwa na maji, lakini yuko mwanamke mjini aliyeliweka kwenye mashine kabla.

"Sauti yake ninayo," alisema Susana. "Redio bado wanampiga. Uso ndio unanitoroka, binti yangu. Naamka namtafuta, napata kipaji tu na macho. Kila mwaka unapungua. Nataka uso wake kabla haujaisha wote. Sitaki kingine."

Nyamoita alijisikia mtu mkubwa sana wakati ule. Akanyoosha mkono ukutani. "Basi si huyu hapa, anatucheka tangu uingie."

Susana alisimama, akasogea karibu hadi pua yake ikakaribia karatasi. Alikaa hivyo. Huko mbele mtu alikuwa anakata bomba la chuma, likalia, likanyamaza.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Ni yeye, mama. Soma jina."

"Jina naliona. Macho ni yake. Tai niliinunua mimi, Kisumu. Mdomo ni wa nani?"

Nyamoita alivaa tena miwani.

"Obare hakuwa na meno ya chini. Sita yote yalitolewa akiwa kijana, kama watu wa nyumba yao. Sisi tulikuwa wa misheni, hatukutolewa. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa la Sabato, akanikataza nisiolewe naye. Alisema mtu aliyekubali kung'olewa meno atakubali kung'olewa chochote. Nikaolewa, na nikaolewa kwa sababu ya lile pengo. Akiita jina langu upepo ulipita pale. Hakuna mwingine aliyeniita hivyo." Akageuka. "Haya, nionyeshe alivyokuwa kabla hujamsaidia."

Nyamoita aliifungua kompyuta, ingawa alijua. Alizunguka huku na huku kwenye mafaili kama mtu anayetafuta funguo mfukoni mwa nguo aliyokwisha kuigawa.

"Nilifuta," alisema mwishowe.

"Ulifuta nini?"

"Ile chafu, mama. Huwa nafuta ile chafu."

"Ile chafu," alisema Susana polepole, "ndiyo ilikuwa yeye."

Hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa afadhali. Nyamoita alijua kujibu makelele. Migori alikuwa amejifunza vizuri. Mzee alichukua mkoba wake, akakataa chai, akaondoka. Nyamoita akamshusha Obare ukutani, akamlaza kifudifudi chini ya printa. Chumba kikawa kikubwa.

Siku ile ile alianza kumrudisha. Alifuta yale meno ya kuazima, akapaka weusi mahali pake. Ikawa picha ya mtu aliyepigwa ngumi. Akaupunguza weusi, ikawa mtu aliyekula zambarau. Akajaribu kupandisha ufizi, akapata kitu ambacho hata yeye hakutaka kukitazama. Alitafuta simu, akampigia Ken, akaomba namba ya Susana, akampigia.

"Mama, ni mimi wa makava. Njoo unielekeze. Peke yangu siwezi."

"Chai yako ina maziwa?"

"Nitatafuta."

Kwa hiyo Susana akawa anakuja siku za soko. Aliketi kando ya Nyamoita, kidole chake kirefu kikielekea kwenye kioo cha kompyuta, na Nyamoita, ambaye hakuvumilia alama ya kidole popote, alivumilia. "Pana zaidi. Hapana, sasa umemfanya mamba. Mdomo wa chini ulikuwa umelala ndani kidogo. Sio hivyo. Sio hivyo pia." Waligombana kama watu wa nyumba moja. Susana alimwambia mikono yake ni mizito kama ya mtu anayekanda matope. Nyamoita alimwambia kwa shahidi kama huyu polisi wangefunga mbuzi. Alinunua kikombe cha pili. Alianza kujua siku ya soko tangu jana yake, akafagia mara mbili. Katikati ya kazi walizungumza mambo mengine pia: jinsi Obare alivyorudi na gitaa badala ya kabati alilotumwa, jinsi Machuki alivyomwita mke mdogo kwa jina la Nyamoita hadi wakapigana. Na picha haikukaribia.

Siku moja Susana hakuelekeza. Alitazama tu, chai ikapoa.

"Nikuambie jambo baya?"

"Niambie."

"Tangu siku ile ya kwanza, nikifumba macho namwona wako. Yule wa meno. Amekaa pale wangu alipokuwa anakaa, na wangu haji tena. Nilikuja kwako nikiwa na nusu. Sasa hata hiyo nusu umenifutia, ya ndani." Alilisema hivyo hivyo, bila hasira, kama anayetaja bei. "Nafikiri tuache."

Nyamoita alitazama mdomo ule kwenye kompyuta. Huyu mzee akitoka na kuufunga mlango ule, basi Obare amekufa mara mbili, na mara ya pili aliyemzika anajulikana. Akaviringisha picha hadi kwa wale watatu wa nyuma, wale wa kuhukumiwa.

"Hawa ni akina nani? Kuna aliye hai?"

"Job tu. Huyu wa ngoma. Yuko Rongo, kwa binti yake. Hatujasemezana tangu matanga. Alidai gitaa, nikamnyima."

"Na yeye walimtoa meno?"

"Siku moja na Obare. Fundi mmoja."

Nyamoita alizima kompyuta. "Basi tumekuwa wajinga. Twende tukaazime."

Mzee Job aliketi kwenye veranda ya bintiye Liz, nyuma ya nyumba miwa ikianzia ukutani na kuendelea hadi macho yanapochoka. Alikuwa mdogo kuliko kwenye kava, kama watu wanavyokuwa. Alimtazama Susana akipanda ngazi, akamwambia bintiye kwa sauti ya kusikika, "Liz, funga nyumba. Yule mwanamke wa gitaa amekuja kuchukua na ngoma."

"Ngoma yako ilioza zamani," alisema Susana. "Kama akili yako. Habari ya siku nyingi, Job?"

"Siku nyingi zote ulikuwa umekasirika. Keti. Na huyu?"

"Huyu ni nyar Kuria. Anataka kukupiga picha mdomo."

"Mdomo tu? Na uso huu mzuri aachiwe nani?"

Nyamoita alimweleza yote, bila kujitetea: tai, meno, skani aliyoifuta. Job alisikiliza, kisha akaanza kucheka, na alipocheka Nyamoita akaona alichokuwa anakosea muda wote ule. Pengo si weusi. Alikuwa anapaka weusi kama mtu anayeziba dirisha. Ndani ya pengo la Job mlikuwa na ufizi uliolainika kama kokoto la ziwani, mlikuwa na unyevu ulioshika mwanga, na ulimi wenyewe ulikuja mbele ukapumzika pale, kama mtu aliyezoea kiti chake. Akatoa simu, akapiga, akapiga tena.

"Cheka, mzee. Usitabasamu. Cheka."

"Nichekeshe basi. Mimi si bomba la maji, unifungue tu."

"Mwambie siku ya kung'olewa," alisema Susana.

"Ah, ile." Job alijikuna kidevu. "Tulikaa chini wawili, kijana kwa kijana. Fundi, tunamwita janak, alikuwa na kipande cha chuma na harufu ya pombe. Obare alilia. Mimi pia nililia, nililia zaidi, lakini anayesimulia ndiye mimi, kwa hiyo mjue aliyelia ni Obare. Na kwa sababu alitingisha kichwa, janak akaharibu kazi. Lile jino la pembeni lililobaki halikusimama tena wima. Liliinamia kwenye pengo, hivi, kama ng'ombe anayechungulia boma la jirani. Tulimcheka hadi tukawa wanaume."

Susana alikuwa ameinua kikombe. Hakukifikisha mdomoni.

"La kushoto," alisema.

"La kushoto."

"Lilikuwa linanikwaruza." Aliweka kikombe chini, akafumba macho pale pale mbele ya watu, mkono mmoja hewani kama anayeomba watoto wanyamaze. Nyamoita alishusha simu. Hata Job alinyamaza, na hilo Liz alisema baadaye hajawahi kuliona. Susana alipofumbua macho, yalikuwa yamelowa, na alimtazama Nyamoita kwa ukali.

"Twende. Fanya haraka kabla hajaondoka tena."

Nyamoita hakungoja siku ya soko. Alifungua chumba cha nyuma, akaingiza picha za simu kwenye mashine. Ufizi wa Job aliuhamisha, akaupunguza, akautia vidoti ili ufanane na karatasi ya zamani, maana kitu kipya kwenye picha ya zamani hujitangaza kama mlevi kanisani. Ulimi aliuazima. Mwanga wa unyevu aliuazima. Mdomo wa chini aliulaza ndani kidogo, kama alivyoambiwa na hakuelewa. Jino la pembeni ndilo alilolifanya mwisho, na hilo hakuliazima kwa mtu, kwa sababu Job hakuwa nalo. Alishusha jino moja la juu la Obare mwenyewe, akaligeuza, kidogo, kidogo zaidi, hadi likachungulia. Na mviringo wa chai alioufuta zamani akautamani, lakini huo haukuwa wa kurudishwa.

Aliprinti kwenye karatasi nzito akaikatia fremu. Hakumwita Susana aje. Alifunga chumba mchana, akanunua mkate na sukari kama mtu anayekwenda kumtembelea mama yake, akaenda Rodi Kopany.

Nyumba ya Susana ilikuwa ya mabati, ndogo, safi hadi Nyamoita mwenyewe akaridhika. Mbuzi wawili walikuwa uani wakila nguo ya mtu. Susana alimkaribisha, akapokea mkate na sukari, akaviweka. Akaipokea fremu, akaenda nayo dirishani, akampa Nyamoita mgongo.

Nyamoita alisubiri. Aliona kidole kirefu kikipita kwenye tai, kikapanda, kikasimama pale kwenye jino.

"Ndiye," alisema Susana.

Tu. Alikaa akiitazama, na mabega yake yakaanza kutikisika, na Nyamoita alikaribia kuinuka kumshika kabla hajatambua kwamba mzee anacheka. Alicheka kama msichana anayezuia kicheko kwenye ibada. Nyamoita naye akacheka, akasogeza kiti, akatazama sufuria ya chai ilikokuwa. Alikuwa na mambo ya kumweleza: jinsi alivyotia vidoti, jinsi ulimi ulivyomsumbua. Alikuwa pia amefikiri, njiani, kwamba siku za soko si lazima ziishe kwa sababu picha imeisha.

Susana aligeuka. Uso wake ulikuwa umebadilika, umekuwa wa mtu aliyeitwa.

"Asante, binti yangu. Mungu akuweke." Alisita, fremu kifuani. "Utanisamehe leo. Ni muda mrefu sijakaa naye."

"Hapana, mama, hata mimi nilikuwa narudi. Kazi iko mezani."

Kwa desturi mgeni husindikizwa hadi barabarani, na mkate haulipwi kwa kufungiwa mlango. Susana alijua hilo kuliko wengi. Alimfikisha kizingitini, akamshika mkono kwa mikono yote miwili, kisha akafunga mlango polepole, kwa adabu, kama mtu mwenye mgeni ndani.

Nyamoita alisimama uani akifunga leso upya. Sauti ya Susana ilipita kwenye mabati, Kijaluo cha haraka, cha kushtaki na kubembeleza, neno juu ya neno. Kisha kimya kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kujibu. Kisha kicheko. Nyamoita aliwaondoa mbuzi kwenye ile nguo, akaianika juu kambani wasikoweza kuifikia, akashika njia.